Kijiko Kimoja cha Mafuta

Kila siku saa tatu asubuhi, pale Dagoretti Kona,
nainamia kopo la shaba kusoma mvua.
Leo sufuri. Jana sufuri. Naandika kwa wino,
maana penseli hufutika, na hii sufuri
sitaki mtu aje kusema sikuiona.

Mama anapiga simu kutoka Yatta:
"Si wewe ndiye unayekaa na mvua huko?
Mbaazi nimeshapanda. Waulize wakubwa wako."
Namwambia bahari bado haijaamua.
Anacheka. "Mimi na bahari tunajuana wapi?"

Mnajuana, mama. Kupitia kwa Mulwa.

Mulwa wako, fundi wa Barabara ya Kirinyaga,
hulala chali chini ya magari kama mtu ahesabuye nyota,
hulegeza nati, na mafuta yaliyochoka
hushuka meusi, mazito, yenye joto la mwili,
hadi ndani ya karai. Likijaa
ni hatua saba tu kufika kwenye mtaro.
Hamwagi kwa ubaya. Humwaga kama watu watemavyo mate,
huku akiongea habari nyingine.

Mtaro huingia Mto Nairobi nyuma ya gereji.
Mto Nairobi humkabidhi Athi mzigo wake,
Athi hupita karibu na mbaazi zako bila kubisha hodi,
huwa Galana, huwa Sabaki,
akibadili majina kama mtu anayekimbia deni,
mpaka pale kaskazini ya Malindi
anapoichafua bahari kwa wekundu wa udongo wetu.
Maji hufuata mkondo, tuliambiwa.
Hatukuambiwa nani amepanda mgongoni.

Usiku mmoja nilitaka kuona kwa macho yangu.
Nikajaza beseni, nikapuliza:
maji yakakunjamana upesi, yakatekenyeka.
Nikatia kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia.
Yakatanda, yakang'aa rangi ambazo sikuzitia.
Nikapuliza tena, hadi mashavu yakaniuma.
Maji yakanyamaza
kama mtoto aliyezibwa mdomo.

Ndipo nikaelewa kile ambacho vitabu vya kazini
husema kwa kuzungukazunguka:
upepo huisukuma bahari kwa kushika mikunjo yake,
na pasipo mkunjo, mkono wa upepo huteleza.
Mvuke, ule ambao ungekuja kuwa wingu
juu ya vilima vya Ngong, hugonga dari, hurudi chini.
Na chini ya dari lile
maji hujipasha joto peke yake, kama mgonjwa.

Nisikuongopee, mama. Karai moja halisimamishi mkondo.
Hata meli nzima ikipasuka tumbo,
walionizidi kusoma bado wanabishana:
kwa kiasi gani, kwa siku ngapi, hadi wapi.
Bahari ni kubwa, twasema,
kama mdaiwa asemavyo: tajiri hatagundua.
Lakini nimepita Kirinyaga nikihesabu makarai.
Nilipofika themanini na kitu nikaacha,
na nilikuwa sijavuka barabara.

Nilimpelekea Mulwa jerikeni la lita ishirini.
Akalitazama, kisha akanitazama mimi,
vidole vyake vyeusi hadi kwenye mistari ya hatima.
"Na likijaa? Nani atakuja kulichukua?"
Nikakosa la kusema. Swali lake
lilikuwa na akili kuliko jerikeni langu.
"Mimi," nikasema, ili tu nisiondoke bure.

Sasa yako matatu chumbani mwangu Kawangware,
kati ya kitanda na jiko, vifuniko vimekazwa.
Nimepiga simu ofisi mbili; kila moja
imenipa namba ya simu ya ile nyingine.
Jirani anauliza nauza nini.

Nawe jana ulisema mbaazi zimechomoza upande wa bondeni,
upande wa juu zimekataa.
Ulisema hivyo bila kulalamika,
kisha ukauliza kama Mulwa anakula vizuri.

Nazima taa. Harufu ya injini za watu nisiowajua
yaja na kukaa juu ya mto wangu.
Nasikiliza mabati.
La nne litajaa Ijumaa.