Bega

Beji imeandika jina langu vibaya: Zihundila.
Nimeivaa hivyo hivyo. Siku mbili naitika
jina la mtu ambaye hajawahi kuandika kitu.

Ukumbi uko Nguba, madirisha yanatazama ziwa,
na aliyepanga viti alipanga vya harusi,
mia mbili, vyenye riboni za zambarau.
Tumekaa watu ishirini na sita. Nilihesabu
wakati profesa wa Kinshasa akitueleza
mustakabali wa riwaya, sehemu ya kwanza.

Dakika kumi, aliniambia mwenyekiti,
akagonga saa yake kwa ukucha.
Nyumbani Panzi nilijisomea mbele ya ndoo na mswaki,
dakika tisa na nusu, bila kukwama.
Lakini karatasi mbele ya watu ni mnyama mwingine.
Sentensi niliyoipenda kuliko zote,
ile ndefu, yenye mikato saba,
ilinimaliza pumzi kwenye mkato wa tano;
nikameza mate ndani ya mikro
na spika mbili kubwa zikameza pamoja nami.

Kisha umeme ukaenda zake.
Hapa hakuna anayegeuza shingo kwa hilo.
Nikasogea dirishani, nikaendelea kwa koo tupu:
Nabintu anashuka kutoka boti ya Idjwi,
gunia la makala mgongoni, ukanda umebana paji la uso,
anapanda Kadutu, njiani anapewa habari ya mwanawe,
anasimama, anapangusa machozi kwa viganja viwili.
Hapo nikanyamaza kidogo, kama nilivyojizoeza.

Mtu akacheka.

Alikuwa Mama M'Cirhuza, mlangoni, na birika lake.

Wakati wa maswali mmoja alitaka kujua
kwa nini siandiki Kifaransa.
Mwingine hakuuliza; alisimama
akatusomea shairi lake mwenyewe.
Machozi ya Nabintu hakuna aliyeyagusa.

Kwenye chai ndipo mama akanimiminia, akasema:
"Baba, kitabu yako ni muzuri.
Lakini mwenye kubeba makala hapangusi macho na mikono.
Atakuwa mweusi uso muzima, watoto watamukimbia.
Anafanya hivi."
Akainua bega, akaliinamishia shavu.
Birika mkononi halikutikisika.

Sikumuuliza amejuaje.
Sukari aliniwekea vijiko vitatu, sikumzuia.

Miaka minne nimeishi na Nabintu,
nimempa ndoto, nimempa deni, nimempa mume mlevi
kisha nikamwondoa huyo mume, alikuwa anachosha.
Mikono yake sijawahi kuitazama ina rangi gani.

Niliazima kalamu kwa kijana wa usajili,
nikafuta viganja vyote viwili.
Cheti cha kushiriki nacho kilisema Zihundila;
nilikifunika juu ya kikombe, nzi walikuwa wengi.

Tangu siku hiyo, nikiusoma ukurasa ule kwa sauti,
popote pale, wakiwa mia au wakiwa sita,
nikifika kwenye ngazi za Kadutu
kichwa kinaniinama chenyewe,
na bega, bila ruhusa yangu,
linapanda kukilaki.