Kamba wa Mtumba

Boksi limefika na basi la usiku kutoka pwani,
limefungwa kwa mpira wa baiskeli, linavuja.
Mlinzi wa geti kaandika kitabuni: *Samaki. Wananuka.*
Nyemo akasaini.

Barafu iliishia Gairo, nadhani.
Kamba mia mbili na kumi na moja,
wamejikunja juu ya meza iliyokuwa jana na bajeti.
Nje, upepo wa Julai unapenyeza vumbi chini ya mlango.
Huku kwetu mvua yenyewe ni habari ya kusimuliwa,
sembuse bahari.

Yeye anapima gamba, toka tundu la jicho hadi ukingo wa nyuma.
Mimi naandika.
Ishirini na tatu. Ishirini na mbili. Ishirini na mbili.
Kumi na tisa.
Dume. Jike. Jike.
Jike tena, na uzi wa kijani mgongoni: mayai.
Huyu anamlaza kando, taratibu,
kana kwamba bado anaweza kuumia.

"Mwaka juzi wastani ulikuwa ngapi?"
Nafungua jalada. Ishirini na saba.
Feni inazunguka.

Simu inalia kutoka ghorofa ya juu:
msimu ufunguliwe au usifunguliwe, neno moja tu,
meli zina madeni, wenye nyavu wana ada za shule,
na kilo, mbona kilo ziko palepale?
"Ziko palepale, mheshimiwa.
Ila wavu uliovutwa saa mbili
sasa unavutwa saa tano."
Anasikiliza. Anasema ndiyo mara tatu
kwa sauti isiyokubali kitu.

Akishakata simu, anafuta kalipa kwa kanga.
"Mwaka fulani kule Mvumi tulikula mbegu," anasema.
"Uwele wote wa kupandia, mama akausaga.
Ulikuwa mtamu, sikudanganyi.
Sijawahi kula ugali mtamu kama ule."
Hasemi kilichofuata. Ananyoosha mkono achukue kamba mwingine.

Saa kumi na moja mlinzi anachungulia:
mabaki tunagawana?
Wamelowa dawa, tunamwambia, hawaliki.
Anaguna. Anatazama meza nzima ya nyama,
kisha anatutazama sisi.

Kwenye ripoti, pale panapotaka neno moja,
Nyemo ameandika *kumi na tisa*,
akaifuta,
akaiandika tena.