Kabla Hujafunga Gunia

Lusungu, achana na mizani kwanza.
Mizani haina pua.
Itakusomea jiwe na pareto kwa namba ileile,
na lori likishashuka Mbalizi
jina litakalobaki kwenye daftari ni lako.

Twende shambani. Umande bado haujakauka,
kwa hiyo hatuchumi, tunatazama tu.
Hili hapa petali zimesimama, limejikunyata
kama mtoto anayengoja kuogeshwa Julai, hapa Ilembo.
Liache, halijajaza kitu.
Lile kule limeinama, kifua kimekuwa kahawia.
Juzi lilikuwa zuri,
juzi wewe ulikuwa harusini Santilya.
Tafuta lililojilaza bapa, jeupe, mikono wazi,
na pale katikati kwenye njano hesabu duara:
tatu zimefunguka, ya ndani bado inabisha.
Ndilo hilo.
Likate kwa kucha, shingo ibaki shambani.
Kikonyo kina uzito, hakina sumu ya kuua hata mbu,
na kiwandani wanachopima ni sumu,
ingawa Mwashitete mpaka leo haamini.

Mwashitete utamjua. Atakuja Jumanne,
gunia limeshonwa kwa uzi mwekundu,
atakuuliza mama, shangazi, ng'ombe, viazi vimetokaje.
Itikia zote.
Huku unaitikia, zamisha mkono hadi kiwiko.
Juu kila mtu anaweka ua la kuonyesha.
Chini ndiko watu waliko.
Vidole vikikuta joto, kama chini ya kuku anayeatamia,
toa mkono, usimkemee mbele za watu.
Mwambie arudi akaanike upya, tabaka jembamba,
juu ya chekeche, asimwage kwenye bati.
Bati linaunguza; ua linatoka na rangi ya chai iliyolala.

Halafu chukua moja, libane kwa dole gumba na shahada.
Lililokauka litasema kacha, liwe unga.
Bichi litajikunja tu, halisemi neno,
kama mdaiwa aliyeitwa kwa mtendaji.
Sasa nusa. Usivute kama marashi.
Vuta kidogo, ngoja.
La kweli huja nyuma, linakwaruza koo,
mdomo unaingia ganzi upande mmoja,
unapiga chafya tatu.
Mimi siku hizi napiga moja.
Miaka kumi na tisa, Lusungu.

Unauliza nani alinifundisha.

Mwaka ule mvua iligoma kuondoka hadi Juni.
Subilaga wangu alikuwa amelazwa, nilikuwa na gunia moja,
na gunia lilikuwa jepesi.
Nikalinyunyizia maji. Vikombe viwili.
Cha tatu nilikishika, nikakirudisha mtungini,
nikajiona mwaminifu.
Usiku kucha nililisikia jikoni, linapumua.
Asubuhi karani, mzee Halinga, akazamisha mkono.
Akafika chini. Akanitazama.
Akatoa mkono, akaufuta kwenye koti,
akaandika kilo zote.

Wiki ya pili gunia langu lilikuwa limeozesha sita ghalani,
mawili ya mama Nzowa, aliyenipa mbegu.
Halinga alikatwa mshahara miezi minne.
Hakunitaja.
Nilikaa namshukuru miaka,
mpaka nilipokabidhiwa daftari hili
ndipo nikaelewa kwamba huruma yake
lilikuwa ua lililochumwa na umande:
jeupe, zuri machoni,
na likaoza na ya wenzake.

Mama Nzowa alikufa hajui.
Hilo sina pa kulianika.

Haya, ukungu umeinuka, majani yamekauka,
shika kikapu, anza na tuta la huku juu.
Kikonyo kikikushinda, niite.
Na Jumanne nami naleta langu,
nusu gunia, limekauka, nimelinusa mwenyewe.
Nitakuuliza habari za mama yako.
Itikia,
na uzamishe mkono.