Hatua ya Akiba

Jumamosi, Kibuye, chumba cha juu ya kinu cha posho.
Mashine ikianza kusaga, kete zote hutetemeka,
wafalme sawa na vibarua.

Nimepata weupe. Mwalimu Lusweti, weusi.
Sikugusa katikati. Nilimtuma askari wa tatu
kutoka kushoto, hatua mbili.
Naye akamtuma wake, wakasimama pua kwa pua.

Farasi wangu akaruka. Wake akaruka.
Nikamjengea askofu kibaraza pembeni,
auchungulie ubao mzima kwa mshazari;
nikiinua macho, weusi nao wana baraza.
Ngome yangu ikasogea chumba kimoja. Yake pia.
Nabonyeza saa, anabonyeza saa,
kama kwamba nimekaa mbele ya kioo
chenye masharubu.

Mimi ni fundi cherehani, haya nayajua:
unakunja kitambaa, unakata mara moja,
kushoto na kulia vinazaliwa pacha.
Lakini shati halifungiki kwa usawa.
Huku vifungo, kule matundu.
Lazima upande mmoja upasuliwe.

Hatua ya kumi nikamtoa farasi wa pili,
nikangoja wa kwake.
Hakutoka.
Askari wa mbele ya malkia ndiye aliyeruka, papo katikati,
na Mwalimu akajikuna sikio kama aliyekosea.

Kuanzia hapo, kukatana.
Malkia kwa malkia, ngome kwa ngome,
kisanduku kikajaa, ubao ukabaki uwanja wa shule Agosti:
askari wangu na wake wamekabana vifua,
na kila mfalme amemshika askari wa mwenzake ubavuni.
Atakayesogea ndiye atakayemwacha wake.

Kinu kilinyamaza chini.
"Fundi," alisema polepole, "ni wewe."

Asubuhi zamu ilikuwa mali. Sasa ni deni.
Nikatafuta hatua moja ya akiba, ya kijinga, ya popote.
Askari wa ukingoni! Nilikuwa nimemsukuma mapema,
bila sababu, mkono tu ulikuwa unawasha.
Mimi, ambaye kila gauni la mteja
huliachia vidole viwili ndani ya mshono,
kwa ajili ya Krismasi, mimba, na chapati.

Nikamlaza mfalme.
Mwalimu akanipa mkono juu ya ubao,
na hapo nikaona: kishikizo cha mkono wake wa kulia
kinaning'inia kwa uzi mmoja.

"Lete Jumatatu," nikamwambia.
"Na weusi ni wangu."