Kodi ya Miezi Mitatu

"Miezi mitatu tu," nilimwambia Bi Mwanakombo,
naye akalamba kidole, akahesabu noti mara mbili,
kisha akaihesabu na ile "tu" yangu.
"Weye watoka wapi?"
Nikaanza: Kasese, Kitwe, Juba, Beira kwa muda…
Akanikatiza.
"Sikukuuliza ulikopita."

Chumba kina dirisha moja na misumari saba ukutani,
ya watu waliotundika vitu wakaondoka navyo.
Begi nikaliweka nyuma ya mlango, zipu imefungwa,
kama mbwa aliyezoea kuitwa usiku.

Wiki ya kwanza mwili ulikuwa bado barabarani.
Saa kumi alfajiri nakurupuka,
napapasa chini ya mto: tikiti, pasi,
chenji ya nchi ambayo pesa zake nimezisahau jina.
Hakuna basi. Hakuna utingo anayegonga bodi.
Kuna feni inayolia kila ikizunguka mara ya tatu,
na huko ng'ambo ya kiwanda cha saruji, bahari ya Bamburi
inafika, inafika,
na haina pa kushukia.

Siku ya tatu sikupewa jembe.
Nilipewa mbuzi,
ya kukunia, meno yamelika upande mmoja.
"Nirudishie ukenda," alisema.
Nikaketi juu yake uani, kifuu mkononi,
mtu mzima, miaka arubaini na moja,
ambaye kwa miaka tisa amekula kwenye karatasi,
amesimama.

Pwani, wanakofundisha ubao,
Chengo huziba nyufa kwa gundi inayonuka mpaka kooni.
Mimi alinipa ubao wa manjano
wenye kiraka tumboni, akanisukuma.
Nikaanguka. Nikanywa chumvi. Nikaanguka.
"Unaangalia miguu!" alifoka. "Angalia unakokwenda!"
Nikacheka hadi maji yakanitoka puani.
Chengo, mwanangu,
nimeangalia ninakokwenda tangu hujabaleghe.
Leo niache niangalie miguu.
Ina vidole kumi. Kimoja hakina kucha;
niliiacha Kitwe, chini ya sanduku la mtu.

Mwezi wa pili, jambo dogo.
Ruwa wa mkokoteni alishusha madumu manne mlangoni,
nami sina chenji, simu imezima.
Nikasema, "Basi mawili yarudishe."
Akanitazama kana kwamba nimemtukania mama.
"Si upo?"
Akapinda kichochoro, magurudumu yakipiga kelele.

Si upo.
Hakuna aliyewahi kunikopesha kitu.
Msafiri hulipa kwanza:
kitanda kabla ya usingizi, chai kabla haijamiminwa,
hata choo, sarafu mkononi huku umebanwa.
Jioni ile nikaenda dukani kwa Sanura,
pesa zimo mfukoni, nazisikia zinavyogongana,
nikaomba kwa mkopo
sukari robo, kitunguu kimoja, kiberiti.
Akachomoa daftari chini ya mizani,
akaandika kwa kalamu iliyofungwa uzi
jina langu.
Alikosea herufi mbili.
Sikumsahihisha.

Begi nimelifungua. Ndani mlikuwa na kofia ya baridi
na funguo mbili za milango nisiyoikumbuka.
Nimezitundika msumari wa nne.

Kodi imebakisha siku kumi na moja.
Ruwa nimemlipa. Sanura nimemlipa,
ila shilingi ishirini za kiberiti.
Kila nikipita ananikumbusha,
na kila nikipita najipapasa, naapa mifuko ni mitupu.
Bi Mwanakombo hajauliza neno.
Ila jana alinikuta uani nakuna,
akasimama, akaitazama mbuzi yake,
akasema, "Hiyo yataka kutiwa tupa.
Fundi huja mwezi ujao."