Kizibao cha Njano

Miaka thelathini na moja niliendesha lori,
kwa hiyo najua dereva anaona nini
saa kumi na moja jioni, mwezi wa Novemba,
kioo kimeingia ukungu, redio inaimba:
haoni. Anaona anachokitarajia.

Ndiyo maana kila Sikukuu ya Martino
navaa kizibao cha njano kinachong'aa,
nasimama pale barabara ya Trier inapokata kona,
mkononi kibao chekundu, mfukoni pipi za mnanaa,
nikingoja kandili ziteremke kutoka kanisani.

Zinakuja. Kwanza farasi wa Bi Irmtraud,
asiyependa tarumbeta;
juu yake mtakatifu mwenye joho jekundu,
yaani Wendelin wa posta, asiyependa farasi.
Nyuma yao bundi wa karatasi, majua, kalunguyeye,
na samaki aliyepakwa gundi kupita kiasi.

Mwalimu Roswitha anawahesabu kwa kuwagusa vichwa.
Thelathini na nane. Anarudia. Thelathini na nane.
"Shikaneni mikono!"
Mikono ipi, kandili huku na mkate mtamu huku?

Kandili ina hila.
Anayeishika hudhani dunia nzima imemulikwa,
kumbe amemulikwa kalunguyeye peke yake;
mwenyewe, koti jeusi, kofia nyeusi,
ni kipande cha usiku kinachotembea.
Niliwaambia wazazi tangu Oktoba:
vitambaa vya kung'aa, begani na miguuni.
Wakaitikia. Nusu wakasahau.

Kisha Jorik. Miaka mitano.
Betri yake imekufa katikati ya barabara.
Akasimama, akaitikisa,
akaketi kitako juu ya mstari mweupe
kuitengeneza, kama fundi saa kwenye benchi lake.

Gari nililisikia kabla sijaliona:
gia ya tatu, mteremko, matairi juu ya majani yaliyolowa.

Sikupiga kelele. Kelele humgandisha mtoto.
Nilitembea hadi mbele yake, nikageuka,
nikanyoosha mkono wenye kibao
na kujifanya mpana kama lori langu.

Lilisimama hatua nne kutoka magotini mwangu.
(Nilizipima baadaye.)
Ndani, Malwine, amechelewa chakula cha dada yake,
na kwenye kiti cha pembeni bata bukini aliyeokwa,
amefungwa mkanda barabara.
Tulitazamana. Yeye ndiye aliyelia kwanza.

Niliinama. Betri mbili huwa sizikosi mfukoni.
Jua la Jorik likawaka, naye akanikunjia uso:
"Umenikinga mwanga, babu.
Ndiyo kwanza nilikuwa naanza kuona vizuri."

Wakaufikia moto wa uwanjani, wakahesabiwa.
Sauti ya Roswitha ilinifikia: na nane.
Mimi nilibaki konani,
kibao kikitetemeka, barabara tupu pande zote mbili,
nikaisimamisha hivyo hivyo.