Swichi ya Nne

Niliinunua shambani kwa Helka Tiirikainen,
nje ya Iisalmi, mwezi wa Novemba:
Volvo ya mwaka sabini na mbili, milango miwili,
rangi ya chungwa lililosahauliwa kabatini.
Ilikuwa imezama hadi vitovu vya magurudumu.
Trekta la jirani liliing'oa kama jino.

Marehemu Kauko aliikata, akaiunga apendavyo:
injini ya gari jingine, viti vya mashindano,
mabomba ya chuma yasiyoruhusu paa kubonyea,
na kwenye dashibodi, kwa mkono wake, swichi nne.
Ya kwanza, feni. Ya pili, pampu ya mafuta.
Ya tatu, taa za mbele, kubwa kama macho ya ng'ombe.
Ya nne, tak,
kimya.

Mwaka wa kwanza nilipigana na kutu.
Chovya chovya humaliza buyu la asali;
kutu nayo ilichovya, ikachovya,
hata nikawa naona lami ikipita chini ya miguu yangu.
Nilichomelea usiku. Mume wangu alipiga simu karakanani
kuuliza kama bado nina nyusi.

Mwaka wa pili, breki. Mkaguzi aliinama na tochi,
akaguna, akaandika kasoro tisa.
Mwaka wa tatu, nne.
"Na hii swichi?" "Sijui," nikasema.
Akaandika: haijulikani.

Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi.
Aliyesema hayo hakuwahi kuegesha injini ivujayo
juu ya theluji nyeupe ya mama mkwe.

Na bado naiendesha. Hata ikiwa nusu naiendesha:
klachi nzito kama mlango wa kanisa,
gia ya tatu inayotaka kubembelezwa,
mkia unaoteleza kwenye kona ya changarawe
kisha ukarudi, kama mbwa aliyeitwa kwa jina.
Nikiunyamazisha mlio mmoja
ule uliojificha nyuma yake huanza kusema.

Baridi ya tano niling'oa zulia
nikaufuata waya wa kijivu, shubiri kwa shubiri,
chini ya kiti cha abiria, ndani ya nguzo ya mlango,
hadi kwenye balbu iliyoungua, ndogo kama punje ya hindi.
Nikatia mpya. Tak.
Duara la mwanga, pana kama sahani,
likaanguka pale ambapo magoti ya mtu yangekuwa.

Helka alicheka hadi akaketi.
"Mashindano ya usiku," akasema. "Yeye alishika usukani,
mimi daftari. Nilimsomea njia.
Bila mimi angelala misonobarini."

Februari. Ziwa Porovesi limeganda,
njia imewekewa alama za matawi.
Ana miaka themanini na mmoja,
helmeti imemkaa kama sufuria ya kuazima.
Anabonyeza swichi mwenyewe,
anafungua ukurasa wa mwaka sabini na nane,
barabara ya msitu uliokwisha katwa,
anausoma vilevile, kwa sauti ya amri:
"Kushoto, kali, inabana. Kisha kilima."
Hakuna kilima. Barafu tupu hadi ng'ambo.
Napinda kushoto.

Gia ya tatu inasaga meno, inakataa.
"Hata Kauko," asema, bila kuinua macho,
"ilimkatalia hapohapo."